Vita Havikwishi Siku ya Kutiwa Saini

Kila ifikapo tarehe 11 Novemba, siku ambayo mwaka 1918, saa tano asubuhi, bunduki za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia zilinyamaza huko Ulaya, mimi huwakumbuka zaidi waliorudi kuliko waliobaki uwanjani, kwa kuwa aliyekufa huwekewa shada la maua, lakini aliyerudi huachiwa vita vyake apigane navyo peke yake.

Nilimfahamu mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye hakuwahi kuketi akiupa mgongo mlango. Alikuwa mpole na mwepesi wa kucheka na watoto, lakini upepo ukiubamiza mlango, mkono wake wa kulia ulikuwa unang'ang'ania ukingo wa meza na maneno yanamkatikia kinywani. Mkewe hakuuliza kitu. Alikuwa akiinuka, anaurudishia mlango taratibu, kisha anaketi karibu naye mpaka pumzi yake itulie.

Katika Vita Vikuu hali hiyo iliitwa mshtuko wa makombora, na wakubwa wengi waliihesabu kuwa ni woga tu. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi zaidi ya askari 300 kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, na msamaha wao ukaja mwaka 2006, wakati hata wajane wao walikuwa wamekwisha kufa. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa huu katika mwongozo wao mwaka 1980 tu, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kumalizika.

Hata hesabu za fedha hazifungwi upesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, lakini serikali iliendelea kutoa pensheni ya dola 73.13 kwa mwezi hadi mwaka 2020, alipofariki binti wa askari mmoja aliyempata mtoto huyo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Nayo ardhi ina deni lake: wakulima wa Ubelgiji wangali wanafukua makombora ya Vita Vikuu kila msimu wa kulima, na karibu na Verdun, nchini Ufaransa, yapo maeneo ambayo hadi leo watu hawaruhusiwi kuingia.

Gwaride ni jambo jema, nami husimama kwa heshima linapopita. Hata hivyo, naona uchungu ninapomwona askari aliyepigiwa makofi asubuhi akirudi jioni katika nyumba ambayo hakuna daktari wala ofisa anayeijua.

Mzee wangu alizikwa kwa heshima zote, na bendera ikakunjwa akakabidhiwa mjane. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumjulia hali. Alinikaribisha ndani, kisha akaurudishia mlango nyuma yangu kwa mikono miwili, polepole, bila kuuacha utoe sauti.