Ijumaa ya Kwaresima mwaloni: siku moja maishani mwangu

Saa kumi alfajiri. Naamka, nakaa kitandani na kushika rozari. Leo ni Ijumaa, kwa hiyo ni matendo ya uchungu: Getsemani, mijeledi, taji la miiba, njia ya msalaba, kifo. Kuna watu huniuliza nawezaje kuianza siku na mateso halafu nikajiita mtu wa furaha. Huwajibu kwamba huyu ninayemwomba amelia kabla yangu, sina sababu ya kumficha machozi. Mume wangu alikuwa mvuvi, na ziwa lilimchukua usiku wa dhoruba. Alfajiri ndipo ninapomkumbuka zaidi. Namtaja kwa jina kwenye tendo la kwanza, nalia kilio kikija, kisha naendelea na Salamu Maria inayofuata.

Saa kumi na moja na nusu. Niko mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hapa kwetu Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria. Taa za mitumbwi zinarudi moja moja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta waje juu. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, na sisi wanawake tunaoanika tunapumzika nao bila kipato. Kwa hiyo siku za giza kama hizi hakuna anayelala.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele na milele, amina. Mmepata?"

"Kidogo tu, mama. Wengine hawakupata kabisa."

Napimiwa ndoo zangu, huku naangalia vijana wa mtumbwi wa pili wakikunja wavu mtupu bila kusemezana. Kila nikiona sura hizo naikumbuka Injili ya Yohana, sura ya 21. Petro na wenzake wamerudi ziwani baada ya yote yaliyotokea Yerusalemu, wamefanya kazi hadi kunakucha, "usiku ule hawakupata kitu." Yesu amesimama ufukweni, hawamtambui, anawauliza: "Wanangu, mna kitoweo?" Wahubiri wengi hupenda kutuonyesha wale samaki 153 waliojaa wavuni. Mimi moyo wangu hukaa kwenye yale makaa. Waliposhuka pwani walikuta moto umeshawashwa, samaki yuko juu yake na mkate upo. Samaki yule hakutoka kwenye wavu wao. Bwana mfufuka alikuwa ameshawaandalia chakula kabla hata hawajauvuta wavu nchi kavu. Furaha yangu yote nimeijenga hapo. Ingekuwa inategemea ndoo nilizopimiwa leo, ningekuwa nimeshaipoteza zamani, nami ninayo.

Saa moja hadi saa nne asubuhi. Kazi ya mikono. Tunaanika juu ya vichanja, si mchangani, kwa sababu dagaa wenye mchanga bei yake hushuka wakifika soko la Kirumba Mwaloni kule Mwanza, ambako wapo wanunuzi wanaowapeleka hadi Kongo. Unawatandaza wembamba, unawageuza, unafukuza ndege. Jua likiwa kali wanakauka siku hiyo hiyo. Tunaimba nyimbo za Kwaresima tukigeuza. Aleluya hatuiimbi mpaka Mkesha wa Pasaka, nami napenda utaratibu huo wa Kanisa. Unatufundisha kungoja jambo tunalojua kwamba linakuja.

Saa sita mchana. Tunasimama kila mmoja kwenye kichanja chake, tunasali Malaika wa Bwana. Leo nimefunga, nakunywa maji na kurudi kazini.

Saa nane. Wingu jeusi limetokea upande wa ziwani. Anayefanya kazi hii msimu wa masika anajua kwamba kati ya wingu lile na tone la kwanza huna muda wa kufikiri. Tukakimbia na maturubai na magunia, kila mtu akisaidia kichanja kilicho karibu, chako au cha mwenzako. Tuliokoa sehemu. Waliobaki wamelowa wote, na dagaa aliyelowa akiwa nusu mkavu huharibika rangi na harufu, hakuna wa kumla. Huuzwa kwa chakula cha kuku, kwa bei ambayo hairudishi hata fedha ya ndoo. Dada mmoja tunayeanika naye alipoteza karibu wote. Alikaa chini kwenye tope akalia, maana Jumatatu ana marejesho ya mkopo kwenye kikundi.

Nilikaa naye. Sikumwambia ashukuru kwa mvua ile, wala mimi sikuishukuru. Yapo mahubiri yanayosema mwenye imani hapati hasara, nami nayapinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu yanamfanya mama kama huyu aamini kwamba Mungu amemkataa. Paulo aliwaandikia Wafilipi, "Furahini katika Bwana sikuzote," akiwa kifungoni. Minyororo ilikuwepo. Bwana pia alikuwepo. Nilimshika mkono, tukasali Baba Yetu, sauti yake ikikatika katikati, nikaimalizia kwa niaba yetu sote wawili.

Saa kumi jioni. Njia ya Msalaba kanisani. Tulifika na nguo za kazi, zinanuka dagaa. Kwenye kituo cha tano, Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba, nikawaona tena wenzangu wakikimbia na maturubai.

Saa kumi na mbili. Jumuiya yetu inamtembelea bibi mgonjwa ambaye hatoki tena kitandani. Tumebeba unga, sabuni na dagaa wachache waliokauka vizuri. Somo wa jumuiya yetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Yosefina Bakhita, na bibi huyu hachoki kusimuliwa habari zake: binti wa Darfur aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, akalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Akabatizwa Italia mwaka 1890, akawa mtawa wa shirika la Wakanosa, akafa Schio mwaka 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Bibi hupenda hasa miaka ile ya mwisho, Bakhita akiwa mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu na bado watu wakimfuata kwa ajili ya uchangamfu wake. "Huyo ananijua," bibi husema, na uso wake unang'aa kweli. Mimi huenda pale kumfariji, na kila mara narudi nimefarijiwa.

Leo alitaka kujua mvua imetufanyaje. Tukamweleza, pamoja na habari za yule dada. Akauchukua mfuko wa dagaa, akaupima kwa mkono, akaturudishia.

"Mpelekeeni huyo aliyelia leo. Mimi unga unanitosha, wanangu."

Saa mbili usiku. Tulimkuta yule dada anasonga ugali, kitoweo hakuna. Tukakaanga wale dagaa kwa nyanya na kitunguu, wanawe wakaja na sahani zao, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. Tulipomaliza kula tukakubaliana kwamba Jumatatu mimi na mwenzangu mmoja tutamsemea kwenye kikundi, alipe nusu ya marejesho sasa na nusu giza lijalo.