Virusi vya Tumbaku na Kitambaa cha Melimeli

Nilipokuwa kidato cha nne Mombasa, mwalimu wetu wa fizikia alituita alasiri moja baada ya masomo ili atuonyeshe jinsi umbo la virusi vya mimea lilivyojulikana. Alifunga madirisha yanayoelekea Kilindini, akawasha taa ndogo ya leza na kuielekeza kwenye kitambaa cha melimeli. Ukutani hapakutokea doa moja jekundu, bali msalaba wa vidoa vilivyoachana kwa nafasi sawa. Alipokizungusha kitambaa, msalaba ulizunguka nacho. Alipoweka kingine chenye nyuzi zilizosongamana zaidi, vidoa vilizidi kutengana.

"Nyuzi hamzioni," alisema, "lakini mnaweza kuzipima."

Kama nyuzi zilivyotawanya mwanga wa leza, ndivyo atomu zinavyotawanya eksirei, kwa kuwa urefu wa mawimbi yake unakaribiana na nafasi iliyo kati ya atomu. Mwaka 1935, Wendell Stanley wa Marekani alifaulu kupata fuwele za virusi vya mozaiki ya tumbaku, ugonjwa unaotia mabaka majani ya tumbaku na hata ya mnyanya. Muda si mrefu, huko Uingereza, J. D. Bernal na Isidore Fankuchen walivipiga eksirei, wakakuta vijiti vilivyolala sambamba. Kisha Rosalind Franklin, aliyeanza kuvichunguza London mwaka 1953, alipata picha safi kuliko zote zilizotangulia, na kazi yake ikabainisha kwamba kijiti kina tundu katikati, kwamba protini zimepanda kwa kuzunguka mfano wa vidato vya ngazi ya mnara, na kwamba RNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi za virusi, haimo tunduni bali imefumbatwa na protini zenyewe. Alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37 tu. Habari hiyo ilinihuzunisha siku ile na hunihuzunisha hadi leo.

"Mwalimu, protini hizo ni ngapi?" niliuliza.

Badala ya kunijibu alinipa chaki, akanitajia vipimo: kijiti kina urefu wa nanomita 300, kila mzunguko hupanda nanomita 2.3, na mizunguko mitatu hubeba protini 49. Niligawanya, nikapata mizunguko 130 na ushei. Nikazidisha, zikatoka takriban 2,130, na Mwalimu akathibitisha kwamba hiyo ndiyo idadi inayokubaliwa na wanasayansi.