Pete ya Boxer

Juzi Jumapili huyu mdogo wetu wa darasa la kwanza kaingia jikoni kainua kidole juu, "Baba, hii pete ya nani?" Mi nilikuwa nahangaika kubadilisha mtungi wa gesi, hata sikuangalia vizuri, nikamwambia ya mama. Mama yake akasema pete yake anayo kidoleni, kwa hiyo hiyo ni ya mama yupi tena? Ikabidi niangalie. Kiringi cha shaba, chembamba, upande mmoja kimebonyea, kakichomoa kwenye lile kopo la maziwa ya unga ninaloweka misumari na skrubu na makorokoro yote ambayo naamini ipo siku yatahitajika. Na kimemkwama. Mama yake akamshika mkono akaanza kusugua na kipande cha sabuni, mtoto anacheka, mi nimesimama na spana mkononi, uso nausikia unapata moto kama mtu aliyefumaniwa.

Haikuwa pete. Ni washa ya bolti ya oili, ya ile pikipiki yangu, Boxer nyekundu, wa siku nyingi mnaikumbuka, na wengine mmeipanda.

Hiyo ilikuwa 2016, mwaka ulioanza mabasi ya mwendokasi hapa Dar. Watu waliniuliza sana mbona huuzi pikipiki sasa, lakini mwendokasi wenyewe ulikuwa unaishia Kimara Mwisho na mi nakaa Mbezi, ndani ndani huko, ukishuka kituoni bado una safari nyingine ya vumbi. Boxer nilikuwa nikiitia wese la elfu tano inanipeleka Ubungo na kunirudisha siku tatu na ushee. Halafu nilikuwa naitunza, si kujisifu. Kila Jumamosi cheni napaka oili na kuangalia inacheza kiasi gani, isizidi vidole viwili, chujio la hewa nakung'uta vumbi, upepo wa tairi sikosi. Oili nilikuwa namwaga kila mwezi, lita moja mpya, hata kama ya zamani bado ina afadhali. Kazini nilikuwa mtu wa kuwahubiria wenzangu kwamba pikipiki haina siri, we ipe oili itakupa miaka. Nilikuwa nawachosha, najua.

Fundi wangu alikuwa mzee mmoja pale barabarani, gereji yake ni mwembe na turubai na benchi moja ambalo lilikuwa na mafuta mpaka limekuwa jeusi linang'aa. Alikuwa na kijana anamfundisha kazi, mwembamba, miaka kumi na saba kumi na nane hivi, anapiga mluzi muda wote. Jumamosi hiyo mzee alikuwa kaifungua injini ya mtu, mikono yote imo ndani, akamwambia kijana mmwagie bosi oili. Kijana akamwaga, akafunga, akawasha akaisikiliza, dakika kumi tukamaliza nikalipa nikaondoka.

Shida ilianza usiku nikiwa kitandani na simu. Nikaangukia video za oili feki, jinsi oili chafu inavyochujwa ikarudishwa kwenye chupa ikafungwa upya, na mi nikakumbuka kwamba ile chupa ya kijana sikumwona akiivunja sili. Basi usingizi ukaisha. Jumapili mchana nikachukua kidumu cha lita tano nikakikata ubavu, nikalala chini ya pikipiki nikafungua bolti mwenyewe nione rangi. Oili ilikuwa safi tu, ya asali. Nikafunga bolti, nikairudisha yote kwa juu, nikawa najisikia fundi. Baadaye wakati nasafisha kidumu nikaona kwa chini kabisa kuna kiringi cha shaba kimejificha kwenye tope la oili. Nikakiangalia. Nikajiambia kitu chepesi hivi kitakuwa na kazi gani, nikakitupia kwenye kopo.

Kazi yake sasa naijua. Shaba ni laini, ukikaza bolti inabonyea inaziba pale ambapo chuma kwa aluminiamu havikutani vizuri. Bila yenyewe oili inapita, kidogo kidogo. Jumatatu asubuhi nikakuta doa sakafuni, la ukubwa wa sarafu. Jumanne tena. Jumatano usiku nikaamua hii nitaimaliza, nikachukua spana namba 17 nikaichomekea bomba ili nipate nguvu, nikakaza, nikakaza tena, halafu ikafika mahali mkono ukaenda wenyewe, laini, kama kukata siagi. Waliowahi kuua meno ya bolti wanaijua hiyo. Nikajiambia imekaa.

Alhamisi jioni natoka Ubungo, nimepita Temboni, nikasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, halafu mlio wa ka-ka-ka, na kabla sijaelewa tairi la nyuma likashika lenyewe, nikateleza mita kadhaa, klachi nilibana kwa bahati tu maana vidole vilikuwa tayari pale, nyuma yangu daladala inapiga honi. Sikuanguka. Nikaisukuma mpaka pembeni, nikainama, pale kwenye bolti kuna tundu tu. Injini imenoki. Nikasukuma mpaka kwenye mwembe, sijui kilomita ngapi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Na ajabu ni kwamba kwenye maneno niliyokuwa napanga mi mwenyewe sikuwemo.

Nilifika giza linaingia. Walikuwepo wateja wawili watatu, wa bodaboda, na kijana yuko pembeni anaosha plagi kwenye kikopo cha petroli. Nikampa mzee shikamoo, nashukuru hata hiyo sikuisahau, kisha nikaanza. Kwa sauti. Kwamba nimeponea chupuchupu, kwamba nina mke na mtoto, kwamba nyie mnachezea roho za watu, kijana wako hajakaza bolti Jumamosi na mimi leo ilikuwa nichanwe na daladala. Mluzi ukakata. Kijana akasema, "Bosi, mi niliikaza." Nikamwambia nyamaza.

Mzee hakusema kitu. Akavuta kipande cha boksi akakiweka chini, akapiga magoti, akawasha tochi ya kile kisimu chake cha vitufe akaing'ata kwa meno ili mikono ibaki huru. Akaingiza kidole cha mwisho kwenye lile tundu, polepole, akakizungusha kama mtu anayelamba sufuria ya mtoto. Akakitoa. Akakiingiza tena. Mara ya pili kilipotoka, kwenye ncha ya ukucha kulikuwa na kitu kinametameta. Akakivuta kwa vidole viwili kikaja chote, uzi mwembamba wa aluminiamu uliojikunja, mfano wa springi ya kalamu, mizunguko mitatu minne. Meno ya tundu yaliyong'oka. Mtu akikaza kwa mkono wake na spana ya kawaida hayang'oki hivyo. Na ambaye hakukaza kabisa hayang'oi kabisa. Hilo nililifahamu palepale, nadhani hata kabla hajakigeuza kwenye mwanga, na bila shaka hata wale wa bodaboda walilifahamu, mmoja wao alicheka kwa pua.

Akaitoa simu mdomoni, akaifuta mate kwenye shati.

"Hii ulishaifungua, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole, hilo ndo linaniumiza. Alikuwa bado kapiga magoti na ile springi iko kwenye kiganja amekinyanyua kunionyesha, kiganja cheusi, yenyewe nyeupe. Kama angefoka ningefoka na mimi, tungemalizana. Angeniachia hata nafasi ya kusema aa, nilikaza kidogo tu mzee, ilikuwa inavuja. Neno lilikuwepo kabisa mdomoni. Nikamwangalia kijana kule pembeni, plagi mkononi petroli inamdondoka kwenye kandambili, ananiangalia mimi, si mzee.

"Mi sijaigusa," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa, si kukataa, ile ya kupokea habari. Akaifunga springi kwenye kipande cha gazeti akakitia mfukoni mwa shati. Akasimama kwa kushikilia siti. "Haya. Iache. Tutaishusha."

Mengine yalienda haraka. Wiki moja na nusu bila pikipiki. Pistoni ilikuwa imechubuka, silinda ina mistari, ikapelekwa kuchongwa ikarudi na pistoni ya ovasaizi na ringi mpya, lile tundu likachongwa meno upya na bolti kubwa zaidi kidogo. Vifaa nililipa mimi. Ufundi mzee akakataa hela. "Kazi ilitoka kwangu," akasema, na mi nikaichukua hiyo kama ushahidi, nikaenda kuwahadithia watu kwamba mwenyewe amekiri. Wengine humu niliwahadithia. Nilikuwa naisimulia vizuri, na tairi lilivyoshika na honi ya daladala na kila kitu.

Nilipoenda kuichukua kijana hakuwepo. Nikauliza. Mzee akasema kaenda kwao. Kwao wapi, kwa nini, atarudi, sikuuliza, na yeye hakuendelea. Inawezekana alienda kwao kweli, watu wanaenda kwao kila siku. Mama yake labda aliugua. Nimejipa sababu kama kumi na zote zinaingia akilini mpaka ikifika ile ya kumi na moja.

Mwaka uliofuata ikaja bomoabomoa ya barabara ya Morogoro, zile mita mia na ishirini na moja na nusu za hifadhi kutoka katikati ya barabara, na mwembe ukaenda na turubai na benchi. Leo ukipita pale ni njia za magari, siwezi hata kukuonyesha palikuwa wapi. Namba ya mzee ninayo mpaka sasa, nimeisevu Fundi Mwembeni. Niliwahi kupiga mara moja, 2019 hivi, ikasema haipatikani, nikajisikia vibaya na hapohapo nikajisikia nafuu, sasa sijui hiyo unaiita nini.

Boxer niliiuza. Ilikuwa nzima kabisa, injini ile baada ya kuchongwa haikunisumbua tena.

Sabuni ilifanya kazi, kiringi kikatoka, mtoto kidoleni kimebaki na mstari wa kijani. Akauliza tena ni ya nani. Nikasema ya pikipiki. Akasema pikipiki haina vidole, akaondoka nacho, saa hizi kiko kwenye mkoba wake wa shule na sijapata ujasiri wa kumnyang'anya.

Ila kuna kitu ambacho hata mama yake sijamwambia. Mwaka jana nimeshuka stendi ya Magufuli usiku na begi, nikachukua bodaboda. Jamaa ana ndevu, amenenepa, kavaa koti la mvua, helmeti imefika kwenye nyusi. Tumeenda kama dakika mbili akaanza mluzi. Sio wimbo, ni ule wa kuruka ruka tu. Mi nyuma pale nikawa naitafuta sentensi. Naanza naacha. Nilifikiri nianze na oili, kwamba unamwagaga kila baada ya kilomita ngapi, halafu nione inaelekea wapi. Tukafika getini sijasema hata hiyo. Nikampa buku mbili, akatafuta mfukoni akanirudishia jero, na wakati nafungua geti nikasikia,

"Bosi, ile nyekundu ulishauza?"

"Nilishauza."

"Ilikuwa na injini nzuri ile," akasema, akageuza.