Nilivyoachana na makopo ya artemia: viroboto wa maji kwa vifaranga wa kambale

Kama unatotolesha kambale hapa Mwanza na bado unanunua artemia ya kopo, yaani mayai ya vijidudu unavyototolesha ili kulisha vifaranga, pole. Mimi nimeacha. Mayai yale mengi hutoka kwenye ziwa la chumvi kule Utah, Marekani, na kopo moja lilikuwa linanila karibu faida yote. Isitoshe, artemia ni wa maji chumvi. Ukimtia kwenye maji baridi anahimili saa chache tu, anakufa, anazama na kuchafua tangi. Kiroboto wa maji, kijidudu cha maji baridi ninachofuga sasa badala yake, anaogelea mpaka aliwe.

Na kifaranga wa kambale hangoji. Akishamaliza kiini cha yai alichoanguliwa nacho, siku ya tatu hivi, anataka kitu kinachocheza mbele ya mdomo. Chelewa uone wanavyotafunana mikia.

Mbegu ya viroboto nilichota kwenye dimbwi lisilo na samaki. Penye perege usihangaike, walishawamaliza. Hawa wa kwetu ni aina ya moina, wadogo kuliko aina ya dafnia, wale wakubwa, kwa hiyo kifaranga anawameza, na joto letu wanalimudu.

Sasa kuna semina niliyohudhuria. Tuliambiwa tumwage samadi ya kuku moja kwa moja kwenye beseni la viroboto, tufunike, tusubiri. Mwanzoni waliongezeka kweli, nikaanza kupiga hesabu za pesa. Halafu maji yakaanza kunuka hadi barabarani, viroboto wakageuka wekundu, dalili kwamba hewa imepungua majini, wakajazana juu. Kulipokucha walikuwa utando mweupe chini ya beseni. Waliobaki hai ni viluwiluwi vya mbu, wamenona! Jirani akaniuliza, “Baba Neema, unafuga samaki au malaria?” Nikampigia mtaalamu wetu. Akasema niongeze samadi.

Ukweli ni kwamba unachofuga ni mwani, ule ukijani unaoelea majini. Kiroboto ni mlaji tu. Mwani ukae diaba lake, viroboto lao. Mimi nilianza na maji ya kijani kutoka tangi la perege, nikayachuja, nikaweka juani. Samadi kavu naifunga kwenye kiroba na kuiloweka kama majani ya chai, tena kwenye diaba la mwani peke yake. Nazamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umeiva. Viroboto nawapa kata kadhaa, maji yawe kijani ya mbali. Yakiwa meupe, nawaongezea mwani.

Kata ya viroboto isiguse diaba la mwani, hata kwa bahati mbaya. Jike anazaa bila dume, kwa hiyo akivuka mmoja tu, baada ya siku chache mwani wako wote umeliwa. Kata zangu zina rangi tofauti, na watoto nyumbani wanajua kesi yake.

Kuvuna ndiko ninakojidai. Chandarua hakifai, wanapenya. Nilichukua mtandio mwepesi wa mama watoto (nilimnunulia mwingine, wa bei zaidi) nikaushonea kwenye waya. Unashika wakubwa, wachanga wanapita wakaendelee kukua. Kabla hakujapambazuka nafunika beseni kwa gunia, naacha upenyo pembeni, namulika kwa tochi ya simu. Wanajikusanya pale wenyewe, wanarukaruka, nachota mara moja nimemaliza. Usivune zaidi ya robo kwa siku.

Ukiona majike wamebeba kitu cheusi mgongoni, wana njaa au wamebanana. Hayo ni mayai yanayostahimili ukavu, kwa hiyo matope yake yakaushe, weka kwenye chupa. Beseni likifa siku moja, unayaloweka unaanza upya.

Maji ya bomba yalaze kwanza, dawa itoke. Masika jua likififia na mwani ukasusa, nawapa hamira iliyokorogwa, kiasi cha kutia maji ukungu tu. Ukizidisha yanaoza. Haiwanoneshi kama mwani, ila inawavusha hadi jua lirudi.