Boksi imara la chupa 12 za asali bila kununua kadibodi nene

Mtu yeyote unayemuuliza kuhusu maboksi yanayobondeka njiani atakupa jibu moja: nunua kadibodi ya kuta mbili, yaani yenye safu mbili za karatasi ya mawimbi ndani badala ya moja. Muuza maboksi aliniambia hivyo, mpakiaji wa stendi aliniambia hivyo, na kila mwenye duka aliyewahi kupokea boksi lililolowa asali naye ana ushauri huohuo. Ni kweli kuta mbili zina nguvu zaidi. Lakini kadibodi ya ukuta mmoja ina uzito wa gramu 400 hadi 450 kwa mita ya mraba, na ya kuta mbili ni 650 hadi 750, na bei hufuata karatasi. Unaongeza zaidi ya nusu ya bei, ilhali ugonjwa mara nyingi uko kwenye umbo la boksi. Mimi ninasafirisha asali kwa basi kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam kwenye maboksi ya ukuta mmoja, na nitaeleza jinsi nilivyolifikia boksi hilo.

Chupa ni ya kioo, mililita 370, kipenyo mm 77, kimo mm 105 pamoja na kifuniko. Ikijaa asali inakaribia gramu 720. Chupa 12 pamoja na boksi lake ni kilo 9 hivi.

Mpangilio ambao kila mtu huanza nao ni chupa 4 kwa 3, tabaka moja. Ndani ya boksi unapata mm 321 kwa 241, kimo 112. Linapendeza kwa macho na ni jepesi kushika, lakini linakula kadibodi vibaya sana. Boksi la kawaida la kusafirishia, lile lenye mabawa manne juu na manne chini ambalo viwanda huliita 0201, eneo lake ni karibu sawa na mara mbili ya (urefu + upana) ukizidisha kwa (upana + kimo). Angalia upana unavyojirudia pande zote mbili za hesabu: mabawa yote urefu wake ni nusu ya upana, kwa hiyo kila milimita ya upana unailipia mara mbili. Ukiitafuta nukta ya chini kabisa ya hesabu hiyo, boksi linalotumia karatasi kidogo kuliko yote kwa ujazo uleule ni lenye uwiano wa 2:1:2, yaani urefu na kimo vinalingana na upana ni nusu yake. Boksi la pande zote sawa linatumia asilimia 12 zaidi ya hilo. Boksi pana na fupi linazidi hata hapo.

Basi nikazipanga chupa 3 kwa 2, tabaka mbili. Ndani ni mm 241 kwa 161, kimo 220. Karatasi nzima kabla ya kukunjwa ilishuka kutoka mita za mraba 0.42 hadi 0.33. Ukijumlisha vigawanyo vya kutenganisha chupa na vipande vya kutandika chini na juu yake, jumla imeshuka kwa asilimia 22 hivi. Chupa ni zilezile 12, kadibodi ni ileile.

Sasa sikiliza uzuri wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wa kuta mbili wanapokosea. Kuna kanuni ya McKee, ya mwaka 1963, inayotumika hadi leo kukadiria mzigo ambao boksi linaweza kubeba kabla ya kubondeka: 5.87 mara nguvu ya ukingo wa kadibodi, mara kipeuo cha pili cha (mzingo wa boksi ukizidisha kwa unene wa kadibodi). Nguvu ya ukingo ndiyo ile namba ya ECT ambayo kiwanda kinatakiwa kukupa. Inaingia kwenye hesabu moja kwa moja. Unene unaingia chini ya kipeuo. Ukiongeza unene mara mbili huku ECT ikibaki palepale, unapata nguvu ya ziada ya asilimia 41 tu. Kwa hiyo usimuulize muuzaji unene kwanza. Muulize ECT, na kama haijui, nunua kidogo ukajaribu mwenyewe.

Kwa kadibodi ya wimbi B (moja ya saizi za mawimbi za kiwandani), unene mm 3, ECT ya kilonyutoni 4.5 kwa mita, boksi pana linatoa karibu kilo 158. Boksi refu, kwa kuwa mzingo wake ni mdogo, linatoa karibu 134. Ukiishia hapo utasema boksi pana ni bora. Lakini yapange maboksi yafikie mita 1.4. Yale mapana yatakuwa 11, na la chini kabisa litabeba mengine 10, yaani kilo 90. Yale marefu yatakuwa 6, na la chini litabeba 5, kilo 45. Nguvu imepungua kwa asilimia 15, mzigo umepungua nusu!

Na hizo kilo ni za boksi kavu, jipya, linalobanwa kwa dakika chache. Kadibodi inanyonya unyevu wa hewa. Kwenye unyevu wa asilimia 80 boksi hubakiwa na karibu theluthi mbili ya nguvu yake, na kwenye asilimia 90 hubakiwa na nusu. Halafu mzigo unaokaa juu siku 10 unaipunguza tena, ibaki kama asilimia 63. Stoo ya Dar es Salaam wakati wa masika inakupa yote mawili kwa pamoja. Zidisha: boksi pana linabaki na kilo 68 dhidi ya mzigo wa 90, limekwisha. Boksi refu linabaki na 57 dhidi ya 45, limesimama. Kwenye unyevu wa asilimia 90 hata hilo refu linafika ukingoni, ndiyo maana chupa zenyewe nazo zinapewa kazi, nitakuja hapo.

Mawimbi lazima yasimame wima. Unapokata, hakikisha mistari ya mawimbi inakwenda kutoka bawa la juu hadi bawa la chini. Fundi anayetaka kubana vipande viwili zaidi kwenye karatasi moja ataigeuza, na hapo unapata boksi linalokunjika kama gazeti.

Vipimo vya kukunjia havilingani na vipimo vya ndani. Kwa wimbi B mimi naongeza mm 3 kwa kila ukuta, isipokuwa ule wa mwisho unaokutana na ulimi wa gundi (ukanda mwembamba wa kuunganishia ncha mbili za karatasi), huo naongeza 1 tu ili usisukume wenzake. Kimo naongeza 6. Bawa ni nusu ya upana ukiongeza kidogo, kwa hiyo 82. Ulimi wa gundi ni 35. Karatasi yangu inasomeka hivi kwa urefu: 35, 244, 164, 244, 162, na kwa kimo: 82, 226, 82. Mikato ya kutenganisha mabawa ina upana wa mm 6 na inaishia kwenye mstari wa mkunjo. Ikivuka mstari huo unapata tundu kwenye kila kona, na kwa mzigo wa asali tundu hilo ni mlango wa sisimizi. Isitoshe, kona ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo wote, kwa hiyo usiziguse. Matundu ya kushikia mkono pia sitoboi kwa sababu hiyohiyo.

Mkunjo unaosumbua ni ule wa kona za wima. Mikunjo ya mabawa inakata mawimbi, kwa hiyo inakaa pale ulipoikandamiza. Mikunjo ya wima inakwenda sambamba na mawimbi, na kadibodi hupenda kukunjika kwenye bonde lililo karibu badala ya kwenye mstari wako. Kwa wimbi B umbali wa wimbi hadi wimbi ni kama mm 6.5, kwa hiyo mkunjo unaweza kuhama hadi mm 3 bila wewe kuona. Ukihama kwenye kona mbili, boksi halina pembe mraba tena: ulimi unajibandika upande, mabawa yanaachana juu kama mdomo wa samaki, na ukuta ulioinama unabondeka mapema kuliko hesabu yoyote. Usikandamize kwa mgongo wa kisu, unachana karatasi ya juu. Tumia mkia wa kijiko cha chuma wenye ncha ya mviringo, ukiegemea rula ya chuma, mara mbili: ya kwanza nyepesi ya kuonyesha njia, ya pili kwa uzito wa mwili mpaka mawimbi yalale. Kisha unakunja ukiwa umebana rula palepale kwenye mstari, usikunje hewani. Tangu niweke rula wakati wa kukunja, si wakati wa kuchora tu, pembe zinatoka mraba.

Ulimi unabandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, safu nyembamba, kisha unalaliwa na ubao mzito hadi ikauke. Pini zinashika haraka lakini zinapata kutu. Baada ya hapo boksi linalala bapa, na mamia yake yanakaa kwenye kona ndogo ya stoo. Yaweke juu ya paleti, sm 10 kutoka sakafuni. Zege linapandisha unyevu, na maboksi ya chini yatakuwa yameshachoka kabla hata hayajapakiwa.

Vigawanyo vinaweza kukatwa kwenye maboksi yaliyokwishatumika, ilimradi ni makavu na hayajakunjika. Kila tabaka linahitaji viwili vya mm 160 na kimoja cha 240, kimo 105, mawimbi wima. Mikato inafika nusu ya kimo na mm 1 zaidi, upana 3 na kidogo. Kikiwa kifupi kuliko chupa, chupa zinagongana mabegani. Kikizidi, kipande cha juu kinakaa kwa kuyumba. Kisha vipande vitatu vya kutandika: chini, katikati, juu. Cha chini ni cha lazima, kwa sababu mabawa ya ndani hayakutani. Yanaacha pengo la mm 80 katikati ya sakafu, na chupa iliyo juu ya pengo hilo inakaa chini kuliko wenzake na kupokea pigo la kwanza.

Hapa ndipo chupa zinapofanya kazi. Kioo kinabeba mzigo wa kusimama vizuri sana. Ukifunga boksi na mabawa yakalala barabara juu ya kipande cha juu bila nafasi, mzigo wa juu unagawanywa kati ya kuta na chupa. Ukiacha sm 1 tupu, kuta zinabeba peke yake mpaka ziiname. Wale wanaokushauri ununue boksi kubwa kisha ujaze magazeti wanakuibia nguvu hiyo yote. Kwa sabuni, chai au unga kwenye mifuko laini, bidhaa haikusaidii lolote, basi iachie kuta mzigo wote na uongeze ECT.

Kwa majaribio sihitaji mashine. Boksi tupu lililofungwa, ubao juu, mifuko miwili ya saruji: kilo 100. Likikataa hapo, ECT uliyoambiwa si ya kweli au pembe zimehama. Kisha mfuko mmoja unaachwa juu zaidi ya wiki katika stoo ileile yenye unyevu. Kwa kuangusha nafuata utaratibu wa ISTA 1A, wa kimataifa wa kujaribu vifungashio: mzigo wa chini ya kilo 10 unaangushwa kutoka sm 76, mara kumi, kwanza kona moja ya chini, kisha kingo tatu zinazotoka kwenye kona hiyo, kisha pande zote sita. Usijaze chupa za majaribio maji. Lita ya asali ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya maji inapungukiwa na gramu 150, na boksi litafaulu mtihani rahisi. Jaza mchanga mkavu mpaka mizani isome sawa na chupa halisi.

Katika kuangusha, boksi pana lilikuwa linafunguka chini, kuta zikiwa nzima. Bawa la mm 122 linalegea, tepu inachomoka katikati, chupa za kati zinatoka. Bawa la mm 82 ni gumu zaidi kwa sababu ni fupi. Tepu ya upana wa mm 48, mstari mmoja juu na mmoja chini, ishuke ukutani sm 6 kila upande. Futa vumbi kwanza, kisha isugue kwa kitambaa hadi ibadilike rangi. Kingo za pembeni nazibandika pia kwa ajili ya sisimizi.

Kamba ya plastiki inakata kingo. Weka chini yake vipande vya kadibodi vilivyokunjwa pembe. Chora mshale wa juu kwenye kuta zote nne, kwa sababu boksi likilazwa ubavu mawimbi yanalala nalo na hesabu yote ya juu haina maana. Stooni yapange kona juu ya kona. Ukiyapanga kwa kupishana kama tofali, kona za juu zinaangukia katikati ya kuta za chini, na unaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu.