Kwetu hakuna asiye na kazi, kumbe!

Leo asubuhi karani wa takwimu kapiga hodi hapa kwetu Likoni na tableti yake, dada mpole tu, mama akamtilia chai.

Akaanza na kakangu. Huyu ana digirii ya uhasibu tangu kitambo, na wiki iliyopita alichopata ni kubeba simiti kwa mjengo nusu siku.

"Siku 7 zilizopita ulifanya kazi ya malipo, hata saa 1?"

Kaka akajibu ndio, ile simiti. Dada akabonyeza. Basi, ameajiriwa.

Na malengelenge mikononi bado hayajapona jamani.

Akaja kwa dadangu mdogo, yeye alishachoka kutuma CV zisizojibiwa. "Wiki 4 zilizopita umetafuta kazi?" Akasema hapana, nauli ya kutafutia iko wapi. Naye hahesabiwi kama hana kazi, eti yuko nje ya nguvukazi, yaani si wa kufanya kazi wala wa kuitafuta!

Karani simlaumu, kanuni ya saa moja ni ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, nchi nyingi zinahesabu hivyo hivyo. Lakini huku kwetu hakuna posho ya serikali kwa wasio na kazi, sasa nani atamaliza wiki nzima bila kibarua hata cha kufua nguo? Ndio maana hata robo ya pili ya 2020, Corona imefunga kila kitu, KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ilitoa asilimia 10.4 tu ya wasio na kazi. Nilicheka wakati ule.

Haya wenzangu, kwenu wiki hii angepatikana nani "hana kazi"? Nipeni hesabu hapo chini 😅