Mill kwa Wanaoanza

Vijana wapya wamejiunga na kikundi chetu cha kusoma falsafa, na swali likanifikia hata sijafungua kitabu: "Dada, huu uhuru wa mtu mmoja mmoja si ndio ubinafsi wenyewe?" Nalijibu hapa kwa kirefu, maana ni swali la haki.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alipotoa On Liberty, kitabu chake kuhusu uhuru huo, mwaka 1859, hofu yake haikuwa serikali tu. Aliiogopa jamii pia: desturi, jicho la jirani, minong'ono inayomfanya mtu aishi maisha yasiyo yake. Udhalimu huo tunaujua vizuri, kwetu unaitwa "watu watasemaje?" Binti anaacha masomo anayoyapenda, kijana anaoa asipotaka, na hakuna askari aliyewalazimisha.

Mpaka alioweka Mill ni huu: jamii ina haki ya kumlazimisha mtu pale tu anapowadhuru wengine. Kwa faida yake mwenyewe tunaweza kumshauri, kumbembeleza, hata kumsihi, lakini si kumlazimisha. Mwenye kumdhuru mwenzake hapati kinga hapo. Ndiyo maana siuoni huu kuwa ubinafsi.

Ila kwa mgeni mimi huanza na sura ya pili, ile ya mawazo na mijadala. Wazo unalolizima linaweza kuwa la kweli. Linaweza kuwa na kipande cha ukweli unachokikosa wewe. Na hata likiwa la uongo mtupu, ukilizima, ukweli wako mwenyewe unabaki kitu cha kukariri, hujui tena unasimama juu ya nini. Asiyezijua hoja za mpinzani wake, anasema Mill, hata upande wake mwenyewe anaujua kidogo sana. Laiti tungelifundisha hili shuleni kabla ya kufundisha majibu ya mtihani!

Mill hakuyatoa haya hewani. Baba yake alimwanzisha Kigiriki akiwa na miaka mitatu na Kilatini akiwa na minane, na alipofika ishirini alizama katika huzuni nzito, asione furaha katika chochote alichoandaliwa kukifanya. Mashairi ya Wordsworth yalimsaidia kuinuka. Nikisoma sura ya tatu, anaposema binadamu ni mti unaotaka kukua pande zote na si mashine ya kujengwa kwa mchoro, namsikia yule mtoto.

Doa lake silifichi. Kuanzia 1823 hadi 1858 aliajiriwa na Kampuni ya East India, iliyotawala India, na ndani ya kitabu hichohicho anasema uhuru huu si wa jamii alizoziona bado changa. Sisi tumo. Huwa nayasoma maneno hayo kwa sauti, na hasira inayozuka ni halali kabisa. Wengine hutaka tukifunge kitabu hapo.

Sikubali, na sababu yangu ni Mwalimu Nyerere. Akiwa mwanafunzi Makerere, mwaka 1944, alizichukua hoja ambazo Mill alikuwa amezitoa mwaka 1869 kuwatetea wanawake, akazitumia kuyapima maisha ya wanawake wa Kizanaki. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Alijua anachokisema. Kijana ambaye Mill angemweka nje ya mlango aliingia na kuzitumia hoja zake nyumbani kwao, bila kumwomba ruhusa Mill wala wazee.

Lakini hoja hizo hazimwachi hata Mwalimu. Novemba 1973 alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, itekelezwe kabla ya mwaka 1976 kwisha, na watu wengi wakahamishwa kwa nguvu. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji karibu na kila familia. Namheshimu mno, na bado naamini alivuka mpaka uleule: aliwalazimisha watu kwa faida yao.

Wiki ijayo nitawapa vijana jambo hilo walijadili. Atakayetaka kumtetea Mwalimu ataanza kwa kueleza vizuri hoja ya aliyehamishwa, na atakayempinga ataanza na hoja ya zahanati.